Picha ya Luteni Cameron, Baharia Aliyepita Ugogo

Nchi ya Ugogo iko mbali sana na bahari. Toka Dodoma mpaka Dar es Salaam ni karibu kilometa 450, na mtoto aliyezaliwa katika nyanda zile aweza kukua hata akawa mzee asione wimbi la bahari hata moja. Huko maji hayangojwi yaje, maji huchimbwa. Mvua hunyesha tangu Desemba mpaka Aprili, kisha mbingu hufungwa, na mito hukauka ikabaki mchanga mtupu. Walakini katikati ya mwaka 1873, majira ya kiangazi, wenyeji wa Ugogo walimwona baharia akipita katika nchi yao. Hakuwa na merikebu, wala tanga, wala kasia. Alikuwa na vyombo vya kupimia jua na nyota, naye alivitumia katika nchi kavu kama alivyofundishwa kuvitumia juu ya maji. Jina lake lilikuwa Verney Lovett Cameron, luteni wa manowari za Uingereza.

Miaka 3 baadaye, mwezi wa Julai 1876, picha ya baharia huyo ilitokea London katika gazeti lililoitwa Vanity Fair. Gazeti hilo lilikuwa na desturi ya kutoa kila juma picha moja ya rangi ya mtu mashuhuri: waziri, jaji, askari, mwimbaji au msafiri. Kwanza mchoraji alimchora mtu kwa rangi za maji, na mara nyingi alizidisha kidogo pua yake, au tumbo lake, au namna yake ya kusimama, ili wasomaji wapate kumtambua na kucheka. Kisha mafundi walinakili mchoro huo juu ya mawe laini, kila rangi na jiwe lake, wakazipiga chapa karatasi moja moja mpaka rangi zote zikaungana zikawa picha. Watu wengi walizikata picha hizo katika gazeti wakazitundika ukutani.

Chini ya picha ya Cameron yaliandikwa maneno machache ya Kiingereza, ambayo maana yake ni kwamba alivuka Afrika kwa miguu. Maneno hayo ni ya kweli. Alivuka kweli, na alikwenda kwa miguu kweli. Lakini picha ni kama dirisha la nyumba: humwonyesha mtu kilicho mbele yake, haimwonyeshi kilicho nyuma ya ukuta. Picha ile ilionyesha mtu mmoja tu. Anayetaka kujua habari za safari ile yampasa aulize maswali mawili. La kwanza, mtu huyu alikuwa nani, na alijifunza wapi kazi yake? La pili, ni nani waliokuwa pamoja naye, ambao mchoraji hakuwachora?

Cameron alizaliwa mwezi wa Julai 1844 karibu na Weymouth, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Mwaka 1857, alipokuwa na umri wa miaka 13 tu, mtoto huyo aliingia katika kazi ya manowari. Siku zile ndivyo ilivyokuwa desturi: mvulana aliyetaka kuwa afisa alipelekwa melini angali mdogo, akajifunza huko huko hesabu, kamba, matanga na mizinga, pamoja na kupima jua kila siku saa sita ya mchana. Alitumika katika bahari ya Mediteranea, katika visiwa vya West Indies, na katika bahari ya Sham. Mwaka 1865 akafanywa luteni. Mwaka 1868 alikuwa miongoni mwa waliotumika katika vita vya Waingereza huko Uhabeshi.

Baada ya vita hivyo alitumika katika meli zilizolinda pwani ya Afrika ya Mashariki. Kazi ya meli hizo ilikuwa kuyafukuza majahazi yaliyochukua watumwa toka Kilwa na Unguja kwenda Arabuni. Cameron aliwaona kwa macho yake watu walioshindiliwa katika majahazi hayo, wakiwa wamekonda kwa njaa na kiu. Aliona kwamba kukamata jahazi moja baharini ni kama kufuta maji yaliyomwagika sakafuni huku mtungi ungali unavuja, kwa kuwa chanzo cha biashara ile kilikuwa mbali bara. Basi akatamani kufika bara.

Nafasi yake ilikuja kwa sababu ya David Livingstone. Mzee huyo alikuwa bado anasafiri barani, na Chama cha Jiografia cha London kilitaka kumpelekea msaada. Cameron akachaguliwa kuwa mkuu wa safari. Alifika Unguja mwanzo wa mwaka 1873, na mwezi wa Machi msafara wake ukaondoka Bagamoyo. Pamoja naye walikuwa Wazungu watatu: daktari Dillon wa manowari, luteni Murphy wa jeshi la mizinga, na Robert Moffat, kijana wa ukoo wa Livingstone, aliyekuwa na shamba la miwa Natal akaliuza ili apate kwenda. Moffat hakufika mbali. Mwezi wa Mei, kabla msafara haujafika Ugogo, homa ilimwua.

Hapa yafaa kueleza jinsi elimu ya baharini ilivyotumika katika nchi kavu. Baharia aliye katikati ya bahari haoni mlima wala mti wa kumwonyesha mahali alipo. Kwa hiyo huuliza mbingu. Kwa chombo kiitwacho sekstanti hupima urefu wa jua au nyota juu ya upeo wa macho, na kwa kipimo hicho hujua yuko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta. Kisha hutumia saa iendayo sawasawa, iliyowekwa kwa majira ya Greenwich karibu na London. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa moja. Dodoma iko karibu digrii 36 mashariki ya Greenwich, kwa hiyo jua la adhuhuri hufika Dodoma karibu saa 2 na dakika 23 kabla halijafika Greenwich. Mtu akilinganisha adhuhuri ya mahali alipo na saa yake, hupata kujua amekwenda mbali gani mashariki au magharibi.

Kupima kwenda juu kuna njia nyingine, nayo ni rahisi hata yaweza kufanywa jikoni. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema: kila meta 300 hivi, digrii moja hupungua. Mji wa Dodoma uko juu ya bahari kadiri ya meta 1,120, kwa hiyo maji yake huchemka kwa digrii 96 na kidogo. Msafiri mwenye kipimajoto kizuri na sufuria ndogo aweza kujua kimo cha kila kambi. Cameron alipima hivi njia nzima, kambi kwa kambi, hata alipokuwa akitetemeka kwa homa. Kazi hiyo ndiyo iliyomtofautisha na wasafiri wengi: hakupita tu, bali aliandika mahali alipopita kwa hesabu.

Msafara ulipotoka Mpwapwa, mahali penye maji mengi mazuri, ulikuta mbele yake nyika iliyoogopwa na wapagazi wote wa zamani. Jina lake ni Marenga Mkali, yaani maji makali, kwa sababu maji machache yaliyopatikana huko yalikuwa ya chumvi na magadi. Ilikuwa desturi kuivuka nyika hiyo kwa haraka, wakichukua maji katika vibuyu, wakilala usiku kidogo tu na kuondoka kabla ya alfajiri. Ng'ambo ya nyika ndiyo Ugogo: tambarare pana zenye mibuyu na miiba, makundi ya ng'ombe, mashamba ya uwele na mtama, na nyumba za tembe zenye dari za udongo.

Wasafiri wengi waliopita Ugogo siku zile waliandika kwa kunung'unika juu ya hongo. Kila mtemi alitaka alipwe nguo, shanga au masango kabla ya kuuacha msafara upite, na majadiliano yaweza kuchukua siku kadha. Msafiri aliona kuwa ananyang'anywa. Lakini mtu akilitazama jambo lenyewe toka upande wa wenyeji, ataliona kwa namna nyingine. Katika nchi kavu kisima ni mali iliyopatikana kwa jasho. Vijana walichimba mchanga wa mto mpaka wakafika chini sana, nao walikilinda kisima ili ng'ombe na watoto wapate kunywa mpaka mvua ijayo. Msafara wa watu mamia ulipofika, ulikunywa katika siku moja maji ya kijiji ya siku nyingi, tena ukanunua chakula katika nchi ambayo njaa haikuwa mbali. Hongo ilikuwa bei ya maji hayo na ya njia. Bila visima vya Wagogo hapakuwa na msafara uliofika Unyamwezi, uwe wa Mwarabu au wa Mzungu au wa Mnyamwezi.

Wenye kuuchukua msafara mabegani mwao walikuwa wapagazi. Kila mmoja alibeba mzigo wa kadiri ya kilo 30, licha ya sufuria yake, mkeka wake na chakula chake. Nguo na shanga zilikuwa ndizo fedha za safari. Bila mizigo hiyo hapakuwa na unga, wala mtumbwi, wala ruhusa ya kupita. Mkuu wa wapagazi na askari alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Asili yake alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alitekwa, akauzwa Kilwa, akapelekwa Uhindi kuwa mtumwa. Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi Afrika. Alikuwa amekwisha kuongoza misafara ya Burton na Speke, ya Speke na Grant, na ya Stanley. Cameron alipomwajiri, Bombay alikuwa ameijua njia ya Ugogo tangu mwaka 1857, wakati luteni huyo alipokuwa mvulana anaanza kujifunza kamba za meli.

Mwezi wa Agosti 1873 walifika Unyanyembe, karibu na Tabora. Huko Wazungu wote watatu waliugua sana. Homa haikuwaacha, na Cameron akapata ugonjwa wa macho hata kwa muda hakuweza kuona. Mwezi wa Oktoba alikuja mtu mmoja toka kusini na barua. Mtu huyo alikuwa Chuma, mtumishi wa Livingstone, na barua ilisema kwamba Livingstone amekufa. Alikuwa amefariki mwezi wa Mei katika kijiji cha Chitambo, na watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walikuwa wakiuchukua mwili wake kuupeleka pwani.

Cameron aliwashauri wauzike mwili pale pale, kwa kuwa aliogopa hatari za njia. Susi na Chuma wakakataa. Walikuwa wameazimu kumrudisha bwana wao kwa watu wake, nao walitimiza azima yao: mwili ulifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa sababu afisa mwenye cheo alitoa shauri, na wapagazi waliona mbali kuliko yeye.

Sasa kazi ya Cameron ilikuwa imekwisha, maana mtu aliyetumwa kumsaidia amekufa. Murphy na Dillon wakaamua kurudi; Dillon homa kali ikamvuruga akili, akafa njiani mwezi wa Novemba. Cameron hakurudi. Alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya Livingstone, akaendelea magharibi. Mwezi wa Februari 1874 alifika Ujiji, akazikuta karatasi ambazo Livingstone aliziacha huko, akazipeleka pwani salama.

Katika ziwa Tanganyika baharia alirudia kazi aliyoizoea. Alipata mashua mbili, akaanza kuizunguka sehemu ya kusini ya ziwa, akipima pwani na kuhesabu mito. Swali lililowasumbua wataalamu wa siku zile lilikuwa hili: mito mingi huingia katika ziwa, je, maji hutoka wapi? Cameron alihesabu mito 96 iliyoingia, lakini mwezi wa Mei 1874 aliona mmoja uliotoka. Ni mto Lukuga, upande wa magharibi, uendao kuungana na mto Lualaba. Wengine walitia shaka, kwa sababu Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na majani na udongo. Lakini baadaye maji ya ziwa yalipanda yakaisukuma takataka ile, na watu wote wakaona kwamba Lukuga ni mlango wa ziwa.

Toka hapo Cameron alifika Nyangwe kando ya Lualaba, mwezi wa Agosti 1874. Livingstone alikuwa amedhani kwamba mto huo mkubwa ndio mwanzo wa Nile. Cameron akatumia tena vipimo vyake. Alipima upana, kina na mwendo wa maji, akaona kwamba kila sekunde hupita futi za ujazo 123,000, nayo ni mara nyingi kupita maji ya Nile yapitayo Gondokoro. Kisha akapima kimo cha nchi, akaona Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro. Hapo hapakuwa na haja ya maneno mengi. Maji hayapandi mlima. Mto ulio chini hauwezi kwenda kuwa mto ulio juu, wala mto mkubwa hauwezi kuingia katika mdogo usiufurishe. Kwa hiyo Lualaba si Nile. Lazima uwe ni Kongo. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mto huo mpaka bahari ya Atlantiki, ikaonekana kwamba hesabu ya baharia ilikuwa sahihi.

Cameron mwenyewe alitaka kuufuata mto huo, lakini hakupata mitumbwi. Akashika njia ya kusini-magharibi, akafika nchi ya Urua, kwa mfalme Kasongo. Huko alikaa miezi mingi akingoja, maana asingeweza kuendelea peke yake. Mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Juma Merikani alimtendea wema mwingi. Mwisho akapata msafara wa kwenda naye pwani ya magharibi, lakini mwenye msafara huo, Alvez, alikuwa mwuza watumwa.

Hapa ndipo pahali pachungu katika habari zake zote. Mtu aliyetumika miaka mingi kukamata majahazi ya watumwa sasa alikuwa akitembea katika msafara wa watumwa, siku baada ya siku, bila uwezo wa kuwafungua. Mwenzake Alvez alileta wanawake 52 waliofungwa kamba, wengine wakiwa na watoto na mizigo, miguu yao imejaa vidonda. Cameron aliuliza habari zao, akafanya hesabu, kama ilivyokuwa desturi yake. Akaona kwamba ili wapatikane wanawake hao 52, vijiji visivyopungua 10 viliharibiwa, vyenye watu kama 1,500 kwa jumla. Waliosalia walichomwa, au waliuawa wakitetea nyumba zao, au walikufa njaa porini. Hesabu hiyo haikuhusu nyota wala maji, lakini labda ndiyo kubwa katika hesabu zote alizoziandika, kwa kuwa iliwaonyesha watu wa Ulaya kwamba mtumwa mmoja anayeonekana sokoni nyuma yake wamo wengi wasioonekana tena.

Walipokaribia Atlantiki, chakula kilikwisha na watu wakawa hawawezi kutembea. Cameron akaacha karibu vitu vyake vyote ila vipimo na madaftari yake, akatangulia mbio pamoja na watu wachache ili alete msaada. Mwezi wa Novemba 1875 alifika Katombela, karibu na Benguela. Kinywa chake kilikuwa kikitoka damu kwa kiseyeye. Huo ni ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, na tangu zamani umejulikana kuwa ugonjwa wa mabaharia katika safari ndefu. Ikawa kama kwamba bahari imemfuata bara nzima. Alitibiwa akapona, na chakula kikapelekwa kwa wale waliobaki nyuma. Tangu Bagamoyo walikuwa wamekwenda miaka 2 na miezi 8.

Hivyo Cameron alikuwa Mzungu wa kwanza kuivuka Afrika ya katikati toka mashariki mpaka magharibi. Si kwamba alikuwa mtu wa kwanza kuivuka Afrika. Waafrika wawili, Pedro João Baptista na Amaro José, waliondoka Angola mwaka 1802 wakafika Tete mwaka 1811; na wafanyabiashara waliotoka Unguja walifika Benguela mwaka 1852. Lakini hao hawakuchorwa katika gazeti lo lote.

Cameron alirudi Uingereza mwezi wa Aprili 1876, akapokewa kwa shangwe. Alipandishwa cheo, akapewa nishani na Malkia, na Chama cha Jiografia kikampa nishani ya dhahabu. Hapo ndipo picha yake ilipochorwa. Mwaka 1877 kitabu cha safari yake kilitolewa. Alisafiri tena katika bonde la mto Frati, na mwaka 1882 alikwenda pamoja na Burton katika nchi ya dhahabu, Afrika ya Magharibi. Mwaka 1883 aliacha kazi ya manowari, akaandika hadithi za wavulana. Mwezi wa Machi 1894, akirudi toka uwindaji, alianguka juu ya farasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Habari zake zilikuwa na matokeo ambayo yeye mwenyewe hakuyapanga yote. Alisifu utajiri wa bonde la Kongo, akataka serikali yake ilichukue, nayo haikukubali. Mwezi wa Septemba 1876 alikuwa miongoni mwa wageni walioitwa Brussels na Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kuzungumza habari za Afrika ya katikati. Leopold alisikiliza kwa makini. Haikupita miaka 10, akaitwaa nchi ya Kongo kuwa mali yake, na watu wake wakateswa sana kwa ajili ya mpira na pembe. Ramani ni chombo chema kwa msafiri, lakini mwenye tamaa naye hujua kuisoma.

Na wale wengine je? Waliofika Atlantiki pamoja na Cameron walirudishwa Unguja kwa chombo cha matanga, wakaizunguka ncha ya kusini ya Afrika. Watu waliozaliwa bara wakaona bahari mbili. Bombay alipewa na Chama cha Jiografia malipo ya uzeeni kwa utumishi wake mrefu, akafa mwaka 1885. Wapagazi wengi majina yao hayajulikani, na waliokufa njiani makaburi yao hayana alama. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtu mmoja havuki bara. Cameron alijua kupima mahali alipo, na hiyo ilikuwa sifa yake ya haki; lakini waliomfikisha mahali pa kupima walikuwa wengine.

Dodoma haikuwa mji wakati ule. Wadachi walianza kuujenga mwaka 1907, na reli ilipofika mwaka 1910 watu walianza kupita kwa siku moja mahali ambapo wapagazi walipita kwa majuma. Mwaka 1973, miaka 100 kamili tangu msafara wa Cameron, iliamriwa kwamba Dodoma uwe makao makuu ya Tanzania. Lakini kiangazi kikifika, katika vijiji vya Ugogo bado watu huchimba mchanga wa mto kutafuta maji kama walivyofanya babu zao. Anayeitazama picha ya luteni yule naamkumbuke pia mtu aliyeinama katika shimo, asiyechorwa na mtu, akimpandishia mgeni kibuyu cha maji. Picha ile haisemi uongo, ila haisemi yote.